Muhogo, Mbegu Mpya na Amana ya Mkulima

Khutba ya Kwanza

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, Mteremshaji wa mvua na Mwoteshaji wa mimea. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, masahaba wake na wote waufuatao mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya haya.

Ndugu zetu Waislamu mliohudhuria hapa Mpapura, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio, wazee wetu, mama zetu, na vijana wetu wa madrasa na wa shule: tunajiusia sisi na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo watu wanatuuliza barazani baada ya swala, na wanafunzi wanatuletea kutoka darasani. Nalo ni mbegu zilizobadilishwa vinasaba, ambazo magazeti huziita GMO. Je, kuzitengeneza si kuingilia kazi ya Muumba? Je, ni halali kuzipanda na kuzila? Na je, wanaozileta wanatutakia heri, au wanataka kutufunga kamba shingoni?

Tuanze na muhogo, kwa kuwa muhogo ndio tuujuao. Nyumba ya huku kwetu ikikosa mchele husema Alhamdulillahi, muhogo upo. Ikikosa na muhogo, basi hiyo ndiyo njaa yenyewe. Twaula wa kuchemsha asubuhi, twaukausha makopa, twausaga unga wa ugali, na majani yake twayatwanga kisamvu. Basi fikirini mkulima aliyelipalilia shamba lake mwaka mzima. Mashina yamesimama vizuri, na majani kwa mbali yanapendeza. Siku ya kuvuna anang'oa shina la kwanza, anaukata muhogo kwa kisu, na ndani anakuta madoa makavu ya rangi ya kahawia, magumu kama kizibo, hayaliki na hayauziki. Anang'oa shina la pili, mambo ni yale yale. Juu ya ardhi hapakuwa na msiba. Msiba ulikuwa chini, na aliupalilia mwenyewe bila ya kujua.

Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia, nao si mgeni katika pwani hii. Mwaka 1936 mtaalamu aitwaye H. H. Storey, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, aliueleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitaalamu. Kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa ni ugonjwa wa mwambao tu, lakini tangu miaka ya 2000 umepanda bara, ukaingia Uganda, ukalizunguka Ziwa Viktoria na ukafika Kongo mashariki. Huletwa na virusi vya aina mbili. Inzi weupe huvichukua kutoka shina hata shina, nao hawaruki mbali. Anayevipeleka mbali ni mwanadamu, pale anapokata pingili katika shamba lenye ugonjwa akampelekea ndugu yake wa kijiji cha pili, au akavuka nazo Ruvuma. Pingili haiombwi pasi.

Sasa sikilizeni, ndugu zetu, kwani hapa ndipo penye jambo ambalo wengi wetu hawalijui. Wale wataalamu wa Amani, walipoona muhogo unaangamia kwa batobato na kwa michirizi, walitafuta mmea mwingine wenye nguvu zaidi, jamaa yake muhogo, wakauchanganya nao. Mmoja wa mimea hiyo ni ule mti tuuitao mpira, ambao majani yake akina mama huyachuma wakapika kisamvu cha mpira. Kazi hiyo ilianza katika miaka ya 1930 ikaendelea mpaka miaka ya 1950. Walichukua chavua ya huu wakaitia katika ua la ule, wakapanda, wakachagua, wakarudia tena na tena. Kuna aina ya muhogo ya nchi yetu iitwayo Namikonga, yenye sifa ya kustahimili michirizi. Wachunguzi walipousoma urithi wake katika maabara za siku hizi, wamekuta ndani yake vipande vilivyotoka katika mti wa mpira. Babu zetu waliula muhogo wa namna hiyo, wakasema Bismillahi na wakashukuru. Hakuna aliyesema kuwa umbile la Mwenyezi Mungu limeharibiwa.

Na kwa nini tusiende nyuma zaidi? Muhogo wenyewe si mwenyeji wa hapa. Uliletwa na Wareno kutoka Amerika ya Kusini, kama walivyouleta mkorosho, ambao leo ndio fahari ya Mtwara na ada ya shule ya watoto wetu. Mahindi nayo ni mgeni kutoka bara la Amerika. Tunapozitetea mbegu za asili, na ni wajibu kuzitetea, tukumbuke kuwa nyingi kati yake zilikuja kwa merikebu.

Lakini hatusemi kwamba mambo ni yale yale. Ipo tofauti, na asiyeitaja tofauti hiyo anawapunja wasikilizaji wake. Katika kuchanganya kwa ua na ua, mimea miwili iliyo jamaa inakutanishwa, na urithi wao unachanganyika kwa njia waliyopewa na Muumba wao. Katika uhandisi wa vinasaba, mtaalamu huchukua kipande kidogo cha urithi, pengine kutoka katika kiumbe kisicho jamaa kabisa, akakitia ndani ya chembe ya mmea maabara, kisha akaikuza chembe ile mpaka ikawa mche. Mahindi yaliyojaribiwa Makutupora, mkoani Dodoma, kuanzia mwaka 2016, yalitiwa kipande cha urithi wa bakteria akaaye udongoni, ili yastahimili ukame. Na muhogo uliotengenezwa kwa ushirikiano wa wataalamu wa Kenya, Uganda na Marekani ulitiwa vipande vya urithi wa virusi vile vile vya michirizi. Navyo haviuguzi mmea. Vinaufundisha kumtambua adui na kumkata anapoingia. Mwezi wa Juni 2021 Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Kibayolojia ya Kenya iliuidhinisha muhogo huo, kwa masharti ya kufanyiwa kwanza majaribio ya mashambani. Mwenye kuelewa chanjo atakifahamu kisa hiki upesi, ingawa si kitu kimoja.

Je, huku ndiko kulibadili umbile la Mwenyezi Mungu? Wanaosema ndiyo hutoa hoja katika Sura An-Nisaa, aya ya 119, pale Shetani alipoapa kwamba atawaamuru watu wakate masikio ya wanyama na wabadili umbile la Mungu. Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kuchekwa. Ila yafaa kuuliza wafasiri wamesemaje. Wako masahaba na wanafunzi wao waliofasiri kuwa umbile lililokusudiwa ni dini, ile fitra ambayo mtu huzaliwa nayo. Na wako waliosema ni kuukata na kuuchora mwili bila ya haja, kama walivyofanya washirikina kwa ngamia wao kwa ajili ya masanamu. Kumtibu mgonjwa, kumhasi fahali, kuunga tawi la mwembe juu ya shina la mwembe mwingine, yote hayo yanabadili kitu, na wanazuoni hawakuyatia katika hukumu moja. Wametazama kusudio, wakatazama na matokeo.

Kipo kisa ambacho wanafunzi wa madrasa wanakijua, nacho kimo katika Sahihi Muslim. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipofika Madina aliwakuta watu wakiichavusha mitende, yaani wakichukua chavua ya mtende dume wakaitia katika mtende jike. Akasema kwamba haoni kama jambo hilo lina faida. Masahaba, kwa adabu yao, wakaacha. Mwaka ule tende zikatoka mbovu. Alipoelezwa, aliwajulisha kuwa ile ilikuwa ni rai yake tu, na kwamba wao wanayajua zaidi mambo ya dunia yao. Tazameni, ndugu zetu, kazi yenyewe ilikuwa ni kazi ya mkono wa mwanadamu katika uzazi wa mti, na Mtume aliwarudishia wenye ujuzi wao. Hii haina maana kwamba kila atakachokifanya mwenye ujuzi ni halali. Maana yake ni kuwa swali la kwanza, kama jambo linafaa au halifai shambani, huulizwa kwa wajuao shamba, na huthibitishwa kwa mavuno.

Na ili mtu asije akajiona ameumba, Mwenyezi Mungu ametuuliza katika Sura Al-Waaqia juu ya hiyo mbegu tuipandayo: ni sisi tunaoiotesha, au ni Yeye? Mtaalamu wa maabara hana kipande cha urithi alichokiumba kutoka katika kutokuwapo. Amekikuta, akakihamisha.

Wanazuoni wetu hawakulala juu ya suala hili. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika mkutano wake wa kumi uliofanyika Jidda mwaka 1997, lilikataza kabisa kumnakili binadamu. Na katika azimio hilo hilo liliruhusu kutumia elimu ya vinasaba katika vijidudu, mimea na wanyama, kwa mipaka ya sheria, ili kuleta maslahi na kuondosha madhara. Kwa hivyo mlango haukufungwa, wala haukuachwa wazi bila ya mlinzi. Kitu kikiwa na asili iliyo haramu, mathalani urithi uliochukuliwa kwa nguruwe, hapo wanazuoni wana maneno marefu kuhusu kugeuka kwa najisi kuwa kitu kingine, na hawakukubaliana. Sisi tunaona kwamba anayeuza chakula cha namna hiyo ana wajibu wa kutuambia, na sisi tuna haki ya kukiacha. Katika muhogo huu tuliousema swali hilo halipo.

Sasa tutazame mjadala wenyewe unavyokwenda baina ya watu, kwani hapo, kwa hakika, ndipo tunapoona madhara makubwa zaidi. Mtu anasikia sokoni kwamba mbegu fulani inaua kizazi. Hajui nani kasema, hajui imepandwa wapi. Jioni amekwisha kuwaambia watu ishirini, na siku hizi, kwa simu ya mkononi, amewaambia mia mbili. Sura Al-Hujuraat imetuamrisha tuipeleleze habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta.

Mwaka 2012 ilitangazwa nchini Ufaransa habari ya panya waliolishwa mahindi yaliyobadilishwa, wakaota uvimbe, na picha zao zikaenea dunia nzima. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuingiza vyakula vya namna hiyo. Mwaka uliofuata jarida lililoichapisha makala hiyo likaiondoa, kwa kuwa panya walikuwa wachache na ni wa ukoo unaoota uvimbe kwa wingi hata bila ya kulishwa kitu. Marufuku ya Kenya ilibaki mpaka Oktoba 2022, ilipoondolewa na Baraza la Mawaziri, na hapo tena wananchi wakaenda mahakamani. Shirika la Afya Duniani husema kwamba vyakula vya aina hii vilivyomo katika biashara ya kimataifa vimepita katika uchunguzi wa usalama, na hakukuonekana madhara kwa walaji katika nchi zilizoviidhinisha. Tunayasema haya si kwa kumpendelea mtu, ila ushahidi ni amana, na amana haina upande.

Upande wa pili nao una maneno yake matamu. Mfanya biashara huja na kitabu chenye picha za masuke manene, akasema njaa itakwisha. Waulizeni ndugu zetu wa Burkina Faso, ambao wengi wao ni Waislamu kama sisi. Walianza kulima pamba iliyobadilishwa mwaka 2008, na kweli wadudu walipungua, na mkulima akapumzika kupiga dawa mara nyingi. Lakini nyuzi za pamba ile zilikuwa fupi kuliko za pamba yao ya zamani, ambayo ilikuwa na jina zuri katika soko la dunia, na wanunuzi hawakufurahi. Kufikia mwaka 2016 wakaiacha. Haikumuua mtu, wala haikumtajirisha aliyetajiwa utajiri. Huko Bangladeshi, nchi nyingine ya Waislamu, biringani lililobadilishwa liliidhinishwa mwaka 2013, nalo limewasaidia wakulima kupunguza sumu waliyokuwa wakiipulizia juu ya chakula. Na Nigeria mwaka 2019 iliidhinisha kunde zisizotobolewa na funza. Basi kila mmea una kisa chake. Anayesema zote ni sumu, na anayesema zote ni uokovu, wote wawili wamejipunguzia kazi ya kufikiri.

Nchini mwetu, mambo yamekwenda hivi. Kanuni za mwaka 2009 za usalama wa kibayolojia ziliweka dhima kali: likitokea dhara, mwenye kuleta kiumbe hicho analipa, hata kama hakuzembea. Mwaka 2015 kanuni hizo zikalegezwa upande wa utafiti, na ndipo majaribio ya Makutupora yakawezekana. Mwezi wa Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru majaribio yasimame na mabaki yateketezwe. Na Januari 2021, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kuwa serikali imeyafuta. Wataalamu wengine walihuzunika sana, wakasema tumewafungia mlango vijana wetu waliosoma. Taasisi za wakulima na za bioanuwai, kama TABIO, zilishukuru.

Sisi hapa mimbarini hatukai kiti cha wizara. Lakini juu ya dhima tuna la kusema, kwa sababu fiqhi yetu imelisema kabla ya kanuni yoyote. Mwenye kuharibu mali ya mwenzake hudhamini, hata akiwa hakukusudia. Ng'ombe wako akila mtama wa jirani usiku, hukumu haianzi kwa kuuliza nia ya ng'ombe. Basi chavua ya shamba la jaribio ikipeperushwa na upepo ikaingia katika shamba la maskini, ikamharibia mbegu aliyoirithi kwa bibi yake, nani atakayebeba? Mkulima wa jembe la mkono hawezi kuthibitisha uzembe wa kampuni yenye mawakili. Ndiyo maana tunaona dhima ile ya kwanza ilikuwa karibu zaidi na uadilifu.

Na swali la nani mwenye mbegu ni zito kuliko swali la sumu. Mahindi chotara mkulima hununua kila msimu, kwa kuwa akirudia mbegu yake mavuno hushuka. Nchi yetu tangu mwaka 2012 ina sheria inayompa haki mgunduzi wa aina mpya ya mmea, nayo ni haki yenye maana, kwani jasho lina ujira wake. Lakini pingili ya muhogo haijawahi kuwa na bei baina ya majirani. Msimu ukikaribia, mtu huenda kwa mwenzake akaomba mzigo mmoja, akapewa, na mwaka wa pili yeye ndiye mtoaji. Muhogo mpya, uwe wa kuchanganywa maua au wa maabara, ukija na karatasi inayokataza mkono huo, utakuwa umeponya mzizi na kukata udugu. Waliotengeneza ule muhogo wa michirizi wameahidi kwamba hautatozwa ada. Waiandike ahadi hiyo kwa lugha tunayoisoma.

Tunakumbuka pia mwaka 2002, njaa ilipoingia kusini mwa Afrika. Msaada wa mahindi ulikuja kutoka Marekani, na ndani yake yalikuwamo yaliyobadilishwa. Rais Levy Mwanawasa wa Zambia aliyakataa. Msumbiji, jirani zetu wa ng'ambo ya mto huu wa Ruvuma, waliyakubali kwa sharti yasagwe kwanza, ili yaliwe na yasipandwe. Njaa ni dharura, na dharura ina hukumu yake. Hata nyamafu huhalalika kwa kadiri ya kuokoa roho. Tukipima kwa mizani hiyo, njia ya Msumbiji tunaiona kuwa ilikuwa na busara zaidi: mtoto alikula, na shamba likabaki na mwenyewe.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Khutba ya Pili

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora. Rehema na amani ziwe juu ya Mtume Wake mwaminifu.

Ndugu zetu, elimu hii haikukomea shambani. Wako miongoni mwenu wenye maradhi ya kisukari wajidungao insulini kila siku. Zamani dawa hiyo ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na za nguruwe, na Waislamu wengi walijidunga huku mioyo yao ikisitasita, ingawa wanazuoni waliwaruhusu kwa dharura. Mwaka 1978 wataalamu wa Marekani walifaulu kutia urithi wa insulini ya binadamu ndani ya bakteria, wakamfanya bakteria awe kiwanda. Na mwaka 1982 dawa hiyo ikaruhusiwa kuuzwa. Ile iliyotolewa kwa nguruwe imekaribia kusahaulika. Basi ndugu yetu anayesema kwamba uhandisi wa vinasaba wote ni haramu, na ana mama mwenye kisukari nyumbani, na ajue kuwa pengine anao tayari katika chupa ndogo iliyowekwa ndani ya mtungi wa maji ili ipate ubaridi.

Yapo na mapya zaidi. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa na selimundu, maradhi yale ya damu yanayomliza mtoto usiku kwa maumivu ya mifupa. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba ya kuyasahihisha maumbile ya chembe za uboho wa mgonjwa mwenyewe, kisha zikarudishwa mwilini mwake. Twasema Alhamdulillahi kwa elimu hiyo. Lakini bei yake huko Marekani ni zaidi ya dola milioni mbili kwa mgonjwa mmoja. Maradhi yako Afrika na dawa iko kwa matajiri, na jambo hili kwetu ni uovu ulio wazi kuliko yote yanayobishaniwa juu ya maabara. Mpaka hapo itakapotufikia, kijana anayetaka kuposa, na binti anayeposwa, na wapime damu kabla ya ndoa. Kupima si kumkosa Mungu imani. Na mtoto aliyekwisha kuzaliwa nayo apelekwe hospitali, asifichwe, wala mama yake asisimangwe, maana mtoto haiugui selimundu mpaka awe ameirithi kwa baba na kwa mama.

Kuna mpaka mwingine ambao hatuoni ruhusa ya kuuvuka. Mwaka 2018 mtaalamu mmoja wa China, He Jiankui, alitangaza kwamba ameyabadilisha maumbile ya watoto pacha wakiwa bado viini, kabla ya kutiwa tumboni. Mabadiliko ya namna hiyo hurithiwa, yakaenda kwa wajukuu na vitukuu ambao hawakuulizwa. Nchi yake yenyewe ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu mwaka 2019. Kumtibu mgonjwa aliye mbele yako ni jambo moja, na kuandika juu ya damu ya watu wasiozaliwa bado ni jambo jingine. Nasaba kwetu ni katika mambo matano yaliyokuja sheria kuyalinda.

Turudi shambani, kwa kuwa mvua haitangoji mjadala uishe. Muhogo wa maabara haupo Mpapura, na michirizi ipo. Ziko aina zilizochaguliwa kwa njia za kawaida zinazostahimili ugonjwa huu, kama Kiroba, na kituo cha utafiti cha Naliendele, kilicho mkoani mwetu, kimefanya kazi ya muhogo kwa miaka mingi. Waulizeni mabwana shamba wapi pa kupata pingili safi. Kustahimili si kutougua kabisa. Mmea huo nao ukiachwa miaka mingi bila ya kubadilishiwa pingili utajaa virusi.

Kwa hiyo kabla ya kukata pingili za kupanda, pita shambani majani yakiwa bado yapo. Tazama majani ya chini kama yana rangi ya manjano kandokando ya mishipa, tazama shina changa kama lina michirizi. Shina lenye alama hizo ling'oe. Na siku ya kuvuna, shina ambalo mzizi wake umeoza ndani, pingili zake usizihifadhi kwa kuwa tu zinaonekana nene. Tunajua ni uchungu kuchoma vijiti vya jasho lako.

Na jirani akija kukuomba mbegu, nawe wajua kuwa shamba lako limeugua, mwambie. Usimwambie kwamba ni mbegu nzuri ili usionekane mchoyo. Mtume wetu alimkuta mfanya biashara wa nafaka aliyeificha iliyolowa chini na kuiweka kavu juu, akatia mkono wake ndani ya lundo, na akamkemea kwa maneno mazito. Pingili yenye ugonjwa ni lundo lile lile: kavu yake ni shina, na unyevu wake utaonekana mwakani katika sufuria ya mtu mwingine. Mpe robo ya mzigo ulio safi, au mwelekeze kwa aliye nazo.

Wanafunzi wetu tunakuombeni mwende mbele. Someni elimu ya mimea, someni vinasaba, ingieni maabara za nchi hii, ili siku serikali itakaporudi kuuliza kama ifungue au isifungue, awepo ndani ya chumba hicho mtoto wa Mpapura aliyewahi kuukata muhogo ulioozea ndani na anayejua bei yake.

Ewe Mola wetu, tunakuomba mvua yenye manufaa isiyo ya mafuriko. Tubarikie mihogo yetu, mikorosho yetu, mtama na ufuta wetu. Waponye wagonjwa wetu wa kisukari na wa selimundu. Wape wataalamu wetu ukweli katika wanayoyasema, na wape viongozi wetu huruma kwa wanaolima kwa mkono. Warehemu wazee wetu waliotuachia mbegu. Amin.

Simamisheni swala.